Nani Ameshusha Bei? Filamu za Hali Halisi Kuhusu Uchumi katika Mizani ya Molo

1. Utangulizi

Katika nyanda za juu za Molo, Elburgon na Kuresoi, mkulima mzee akiulizwa kwa nini shamba lake la pareto limegeuka kuwa shamba la viazi, jibu lake la kwanza huwa fupi: bei ilishuka. Sentensi hiyo ni kamili kisarufi. Ina nomino, ina kitenzi, ina wakati uliopita. Kimaana, hata hivyo, imepungukiwa na kitu kikubwa. Kitenzi shuka hakidai mtu wa kushusha. Ukungu wa Mau hushuka, msafiri hushuka garini, na bei nayo hushuka kana kwamba ilikuwa juu ya ngazi ikachoka kusimama. Kiswahili kina kauli nyingine mbili zilizo tayari kwa msemaji anayetaka kuuliza zaidi: shusha, ambayo humdai mtenda, na shushwa, ambayo humpa mtenda nafasi ya kutajwa baada ya neno na. Umbali uliopo baina ya bei ilishuka na bei ilishushwa na fulani ndio uwanja wa makala haya.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeongezeka filamu za hali halisi zinazojadili uchumi, utandawazi na nguvu za makampuni makubwa, na Afrika ya Mashariki imekuwa mandhari ya baadhi yake. Mara nyingi filamu hizo zimepimwa kwa maudhui peke yake: je, zinawatetea wanyonge? Je, zinaipaka nchi matope? Maswali hayo yana nafasi yake, lakini hayatoshi. Makala haya yanakusudia kuzitazama filamu chache kwa kigezo cha kauli, yaani kuuliza ni kwa kiasi gani kila moja inatoka kwenye kushuka na kufika kwenye kushushwa. Hoja itakayotetewa ni kwamba filamu nyingi za aina hii humwona mtendwa kwa ukaribu mkubwa, humkaribia mtenda, kisha humpoteza. Na kwamba zile zinazofaulu ni zile zinazokubali kuonyesha hesabu na kuwapa wenyeji kazi ya kueleza. Mwishoni kisa cha pareto ya Molo kitatumiwa kuwa mizani, kwa sababu kisa hicho kina watenda wengi na hakina mwovu mmoja.

2. Msamiati na mtenda wake

Kabla ya kuzigeukia filamu zenyewe, inafaa kuyatazama maneno ambayo kwayo mambo haya hujadiliwa. Neno utandawazi limeundwa kwa tanda na wazi. Tanda ni kitenzi cha mawingu na cha giza: mawingu yametanda, giza limetanda. Kinachotanda hujitandia chenyewe. Msemaji anayelitumia neno hili amekwisha kukubali, pengine bila kujua, kwamba jambo linalozungumzwa ni la hali ya hewa. Neno ubinafsishaji, kwa upande mwingine, limebeba ndani yake mnyambuliko wa kutendesha. Kubinafsisha kunamdai mtu anayekitoa kitu kilicho cha umma na kukikabidhi kwa watu binafsi. Si ajabu kwamba neno la kwanza limependwa na wanasiasa na la pili likabaki kuwa la malalamiko.

Neno kampuni ni gumu zaidi. Sheria ya Kenya, kama ile ya Uingereza iliyoizaa, huihesabu kampuni kuwa mtu: inaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Sarufi ya Kiswahili haijakubali. Tunasema kampuni imefunga, kampuni imekataa, wala hatusemi kampuni amekataa. Hata kondoo wa Molo, ambaye hana haki yoyote mahakamani, hupewa kiambishi a- cha viumbe wenye uhai, na kampuni hainacho. Kwa mtazamo huu lugha yetu imekuwa na msimamo kuhusu suala ambalo filamu ya Kanada iitwayo The Corporation, iliyotengenezwa na Mark Achbar, Jennifer Abbott na Joel Bakan mwaka 2003, ililitumia muda mrefu kulichunguza. Filamu hiyo inauliza: ikiwa kampuni ni mtu mbele ya sheria, ni mtu wa tabia gani? Nayo inaipima kwa orodha ya dalili za magonjwa ya akili, ikahitimisha kwamba ni mtu asiye na dhamiri. Hitimisho hilo lina mvuto, lakini lina kasoro moja. Kwa kuigeuza kampuni kuwa mgonjwa, linawaondolea lawama watu wenye majina wanaoketi mezani na kupiga kura. Ngeli ya Kiswahili, inayoinyima kampuni uhai, inamlazimisha msemaji makini aulize ni nani aliye nyuma ya i- ile.

3. Mwanza: mtendwa aliye karibu, mtenda aliye angani

Filamu iliyozua mjadala mkubwa kuliko zote katika eneo letu ni Darwin's Nightmare (yaani, Jinamizi la Darwin) ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004. Watanzania wengi waliijua kwa jina la filamu ya mapanki. Kisa chake kinafahamika: sangara, samaki aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, aliwala samaki wengine, viwanda vya Mwanza vikakata minofu yake na kuipeleka Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo, vichwa na mifupa, yaani mapanki, vikabaki kwa maskini. Mtengenezaji wa filamu anawauliza marubani mara kwa mara ndege zao huja zikiwa zimebeba nini.

Upande wa fani, filamu hii ina nguvu isiyopingika. Inaanza na kivuli cha ndege kikipita juu ya maji, na katika mnara wa kuongozea ndege mtu anahangaika kuwapiga wadudu dirishani. Haina msimulizi. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, anaeleza kwa utulivu kwamba watu wengi huitamani vita kwa kuwa jeshi hulipa vizuri. Mwanamke kijana anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania mbele ya marubani; baadaye tunaambiwa ameuawa. Mtazamaji hawezi kuzisahau nyuso hizi.

Kwa kigezo cha kauli, hata hivyo, filamu inasita mahali muhimu. Kwanza ni jina lake. Kumtaja Darwin ni kuufanya uchumi kuwa mambo ya viumbe, kwamba samaki mkubwa humeza mdogo na ndivyo dunia ilivyo. Lakini sangara hakujiingiza ziwani. Aliingizwa na watu waliokuwa na ofisi, mishahara na mpango wa kuongeza mavuno ya samaki. Sitiari ya jinamizi na ya Darwin inaurudisha usemi kutoka kuingizwa hadi kuingia. Pili, mtenda wa karibu kabisa anayeonekana, yaani rubani, naye ni mwajiriwa. Mmoja wao anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg, na anapokiri sauti yake inakaribia kukatika. Hapo filamu imefika kileleni, na hapo ndipo inapoishia. Mnunuzi wa minofu, mwenye benki iliyokopesha kiwanda, afisa aliyeandika mkataba wa usafirishaji, wote wamebaki nje ya fremu.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu cha kuikosoa, na Sauper akamshtaki kwa kumvunjia heshima akashinda. Katika mabishano yote hayo hoja ilikuwa kama silaha zilikuwemo ndegeni au hazikuwemo, na kama mapanki huliwa na watu au la. Swali la bei ya kilo moja ya sangara ufukoni, langoni mwa kiwanda na katika duka la Ulaya halikupata mtetezi wala mpinzani. Filamu yenyewe haikuwapa watu wa Mwanza takwimu hizo ili wabishane nazo. Iliwapa picha, nao wakabishana kuhusu picha.

4. Naivasha na Yala: mtenda mwenye uso

Kutoka Molo kwenda Naivasha ni safari ya saa chache ndani ya kaunti moja ya Nakuru, na ndiko alikokwenda Mholanzi Ton van Zantvoort kutengeneza A Blooming Business, iliyotoka mwaka 2009. Filamu hiyo inawafuata watu wanaoishi kwa maua na kwa ziwa: wachumaji wa mabandani, watu wa majini, na wasimamizi wanaozungumzia ajira na fedha za kigeni. Ubora wake ni kwamba inakubali ukinzani. Ajira ni ya kweli, na maradhi na hofu ya kufutwa kazi ni ya kweli. Kasoro yake ni ile ile ya Mwanza: mnyororo unakatika pale ua linapopanda ndege.

Hasara hiyo ni kubwa kwa sababu biashara ya maua inayo sehemu moja adimu ambapo bei hushuka mbele ya macho. Katika mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, saa kubwa ya bei huanzishwa juu, kisha mshale wake hushuka kwa kasi mpaka mnunuzi mmoja abonyeze kitufe. Hapo kitenzi shuka kinapata picha yake halisi, na papo hapo mtenda wake anajitokeza, kwa kuwa kushuka kule kunakomeshwa na kidole cha mtu. Maua mengine siku hizi huuzwa moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya, ambako hakuna saa wala kidole kinachoonekana, na mkataba ndio husema. Filamu kuhusu Naivasha inayokosa kumfikisha mtazamaji kwenye saa ile au kwenye mkataba ule imesimulia nusu ya sentensi.

Landon Van Soest, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi katika Good Fortune, ya mwaka 2009 pia. Filamu hii inaviweka visa viwili pamoja: mkulima wa kinamasi cha Yala ambaye ardhi yake inafunikwa na maji ya mradi wa mpunga wa kampuni ya Dominion kutoka Marekani, na mkunga wa Kibera ambaye nyumba yake imo katika mpango wa serikali na wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa wa kuboresha mtaa. Jambo la kusifiwa ni kwamba mkuu wa Dominion anapewa mdomo. Anazungumza kama mtu aliyeamini kwamba ameleta maendeleo. Mtazamaji anaposikia maneno yake, kisha akayaona maji yakipanda shambani, hahitaji kuambiwa na msimulizi kwamba maji hayo hayakupanda: yalipandishwa. Na kwa sababu aliyeyapandisha si dubwana, swali linakuwa zito zaidi. Wema wa mtenda unamsaidia nini mtendwa ambaye hakuulizwa?

5. Kericho: mtenda anayebadilisha jina

Magharibi ya Molo barabara huteremka hadi Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi wake kuhusu wanawake waliodhalilishwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walizungumza na wachunguzi, na kamera ya siri ikawanasa baadhi ya wakuu wakitenda. Kwa kigezo chetu uchunguzi huu ulifika mbali sana, kwa kuwa mtenda ana uso, ana sauti na amenaswa katika tendo.

Lakini mtenda huyo ni msimamizi wa shamba. Hatua moja juu yake sentensi inaanza kuteleza. Unilever ilikuwa imekwisha kuiuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022, na kampuni iliyozaliwa ikaitwa Lipton Teas and Infusions. James Finlay nayo, katika mwaka huo huo wa 2023, ilikubali kuyauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Mchumaji anayeulizia haki yake anakuta ubao wa langoni umebadilishwa rangi. Fani ya kamera ya siri, ambayo hunasa tendo la dakika chache, haina uwezo wa kumnasa mtenda wa namna hii, kwa sababu tendo lake ni la kuandikisha na kuhamisha. Hili si kosa la waandishi wa habari wa BBC. Ni mpaka wa fani yenyewe, na mhakiki anapaswa kuutaja.

6. Jamaica: filamu inayofanya hesabu

Je, hesabu inaweza kufanywa sanaa? Filamu ya Stephanie Black, Life and Debt (yaani, Maisha na Deni), ya mwaka 2001, inajibu kwamba inaweza. Inaihusu Jamaica, mbali na kwetu, lakini mkulima wa Molo angeielewa bila mkalimani. Masharti ya mikopo yanaondoa kinga ya soko. Maziwa ya unga yaliyofidiwa na serikali ya Marekani yanaingia kwa bei ambayo mfugaji wa Jamaica hawezi kushindana nayo. Maziwa mabichi yanamwagwa. Filamu inayaonyesha maziwa yakimwagwa, ila haiishii hapo. Inamrudia Michael Manley, aliyekuwa waziri mkuu, aeleze jinsi alivyotia saini mkataba wa kwanza na Shirika la Fedha la Kimataifa, na inampa nafasi Stanley Fischer wa shirika hilo atetee masharti yake. Wakulima wenyewe wanaeleza gharama za ng'ombe mmoja. Msimulizi, kwa maneno ya mwandishi Jamaica Kincaid, anamsemesha mtalii anayekunywa hotelini asijue chochote.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. Kwanza, mwenyeji hakuletwa mbele ya kamera ili alie tu. Aliletwa ili afafanue, na ufafanuzi wake una tarakimu. Pili, mtenda alipewa nafasi ya kusema kwa lugha yake ya kitaalamu, na lugha hiyo ikawekwa kando ya maziwa yanayomwagwa. Mtazamaji anakuwa mwamuzi mwenye ushahidi mkononi.

7. Molo kuwa mizani

Sasa kirudiwe kisa cha Molo. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na walowezi. Vita Kuu ya Pili ilipoitoa Japani sokoni, Kenya ikawa mzalishaji mkuu wa dunia. Baada ya uhuru zao hili lilikuwa mikononi mwa wakulima wadogo na vyama vyao vya ushirika, na kwa miongo kadhaa nchi hii ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote iliyouzwa duniani. Maua huchumwa kwa mkono na kuanikwa juani. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Bodi ya Pareto, yenye makao yake Nakuru, iliyapima katika maabara na kumlipa mkulima kwa kiasi cha pirethrini, yaani kiini kinachoua wadudu, kilichomo katika maua yake.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Mkulima aliuona mfuko wake wa maua, akaunusa, akaubeba. Pirethrini hakuiona. Asilimia iliyoamua mapato yake ilikuwa tarakimu iliyotoka katika chumba asichokiingia. Palikuwa na mtenda katika chumba hicho, mwenye koti jeupe na mizani, na kitenzi chake kilikuwa kupima. Filamu yoyote ya Molo isiyoingia chumbani humo itakuwa imeanza na ua na kuishia na machozi.

Kisha watazamwe watenda wengine. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitangaza pemethrini, dawa ya kutengenezwa iliyoiga umbo la pirethrini ya ua lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa za jamii hiyo zikaenea mashambani ulimwenguni kote. Tangu miaka ya 1980 kisiwa cha Tasmania, Australia, kilianza kupanda pareto na kuivuna kwa mashine, na katika miaka ya 2000 kikaichukua nafasi ya Kenya. Wakati huo huo bodi ya Nakuru iliwacheleweshea wakulima malipo kwa muda mrefu, nao wakang'oa miche. Mwaka 2013 sheria mpya ikaifungua biashara hiyo kwa makampuni binafsi.

Nani basi ameshusha bei? Mwanakemia wa Rothamsted hakuwa na kisa na mkulima wa Kuresoi. Zaidi ya hayo, dawa za jamii aliyoianzisha ndizo zilizotiwa katika vyandarua vilivyookoa maisha ya watoto wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Uvumbuzi uliolinyima ua la Molo soko uliukinga utotoni mwili wa mtu wa Kisumu. Mkulima wa Tasmania alipanda zao halali. Bodi ya Nakuru, ambayo hapana shaka ina hatia, ilikuwa ya umma, si kampuni ya kigeni. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayefaa kuvishwa pembe na kuwekwa mbele ya kamera kuwa shetani wa kisa. Hata hivyo kila mmoja alitenda, na kila tendo lina tarehe, mahali na saini. Usahihi wa kisanaa unadai watajwe wote, na ukubwa wa tendo la kila mmoja upimwe.

Kuna kishawishi kingine ambacho mtengenezaji wa filamu akifika Molo atapambana nacho. Jina la mji huu liliingia katika habari za dunia kwa moto wa mwaka 1992, wa 1997 na wa 2007 hadi 2008. Picha za nyumba zilizochomwa ni rahisi kupigwa na ni rahisi kuuzwa. Zikipigwa peke yake zitamfundisha mtazamaji kwamba watu wa Molo ni watu wa kuchomana, na swali la nani alikuwa na ardhi, aliipataje na aliuza nini juu yake litafukiwa chini ya majivu. Moto nao una kauli mbili: nyumba ziliungua, au nyumba zilichomwa.

Wala si kweli kwamba uchumi hauna sura ya kupigwa picha. Gunia la viazi lenye lumbesa, lililoongezwa kilemba cha nyavu mpaka likapita kimo cha mbebaji, ni uchumi unaoonekana. Ndani yake mna ujazo ambao mkulima ameutoa bila kulipwa. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, na kulipiga picha gunia hilo juu ya mizani ni kuipiga picha sheria ikitii au ikivunjwa. Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi, ikafahamika kwa umma kwamba viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo na kwamba shehena ilikuwa imechelewa. Tangazo lilisema, kwa kauli ile ile iliyozoeleka, kwamba chipsi zimekwisha. Siku hizo hizo malori ya viazi yalikuwa yakiteremka kutoka Molo kwenda Nairobi. Au litazamwe jina lenyewe la mji: chapa ya maziwa yenye jina la Molo ilinunuliwa na Brookside mwaka 2013, na mwaka uliofuata Danone ya Ufaransa ikanunua asilimia 40 ya hisa za Brookside. Pakiti moja ya maziwa mezani inatosha kuanzisha filamu, mradi mtengenezaji awe tayari kuifuata hadi Paris.

8. Nani aeleze, na kwa lugha gani

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili ndilo la karibu zaidi. Katika filamu nyingi zilizotajwa pana mgawanyo wa kazi usiosemwa. Kiingereza hueleza na Kiswahili huumia. Mtaalamu, msimamizi na mtu wa shirika la misaada huzungumza Kiingereza chenye takwimu. Mwenyeji huzungumza lugha yake chini ya maandishi ya tafsiri, na kinachotafsiriwa ni njaa, hofu na sala. Mlinzi wa Mwanza alisikika duniani kwa kuwa alijieleza kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba ushuhuda umekuwa malighafi. Huchumwa hapa, husindikwa kule, kisha hurudi kwetu ukiwa bidhaa iliyokamilika na yenye bei, kama ua la pareto linavyorudi likiwa dawa ndani ya kopo.

Tafsiri ya maandishi huzidisha tatizo. Mchumaji anayesema nimefutwa kazi, au ardhi imechukuliwa, au bei imeshushwa, ametumia kauli ya kutendwa, ambayo imemwachia mtenda kiti kitupu. Mfasiri mwenye haraka akiandika kwamba mtu huyo hana kazi, au hana ardhi, au bei ni ndogo, ameligeuza tendo kuwa hali, na kile kiti kimeondolewa chumbani. Kosa hili haliwezi kuonekana na mtu asiyejua Kiswahili. Linaweza kuonekana na idara za lugha, na ni kazi inayostahili mwanafunzi wa shahada ya pili: kukusanya usemi wa Kiswahili katika filamu hizi, kuuweka kando ya maandishi yake ya tafsiri, na kuhesabu ni watenda wangapi walipotea njiani.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba filamu za hali halisi kuhusu uchumi zinaweza kupimwa kwa sarufi bila kupunguziwa uzito wa maudhui. Filamu ya Mwanza imempa dunia mtendwa asiyesahaulika na ikamwacha mtenda angani. Ya Yala imempa mtenda mdomo. Uchunguzi wa Kericho umemnasa mtenda mdogo wakati mkubwa akibadilisha jina. Ya Jamaica imethibitisha kwamba hesabu ikisemwa na wenye kuumia huwa sanaa.

Inaweza kupingwa kwamba bei hushuka kwa sababu elfu moja na kwamba kumtafuta mshushaji ni utoto. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Kisa cha pareto kimeonyesha kwamba mshushaji si mmoja. Lakini wengi si sawa na hakuna. Mkulima wa Molo anayesema bei ilishuka hakukosea sarufi. Amesema kiasi alichoruhusiwa kukijua. Filamu itakayofaa kuitwa yake ni ile ambayo akiisha kuitazama, kwa lugha anayoielewa, ataweza kuimalizia sentensi hiyo mwenyewe, kwa majina na kwa tarehe.